Kisanduku cha Taa Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Albina wangu ameitwa kwenye usahili. Hospitali moja ya Dodoma. Miaka miwili tangu amalize uuguzi, miwili anapepeta ufuta na mimi, vyeti viko chini ya godoro. Ujumbe ulipoingia nilikaa kizingitini, nikamwambia anisomee tena. Ni Ijumaa saa nne, na hawamtaki aende Dodoma, watamhoji kwa kompyuta. Nikauliza wataionaje adabu yake. Albina kasema wataiona hivyohivyo.

Mwalimu Wenceslaus, mpangaji wetu kutoka Bukoba, katoa laptopu yake. Ila sikio la laptopu, ile maikrofoni ya ndani, limekufa tangu paa livuje mwezi wa tatu. Picha inatoa, sauti ya mtu haichukui. Kasema tutafute hedifoni zenye maikrofoni, zile za kuchomeka kwa USB. Mama Bibie anazo, tukaazime.

Mama Bibie ndiye Makrina, jirani wa ng'ambo ya barabara. Mwaka juzi niliazima sufuria kwake. Mpaka leo kikipikwa chochote jumuiya yetu ya kanisa, sufuria hilo linatajwa, na mimi natajwa. Mwanangu hatahojiwa kwa kitu cha Makrina. Kesho naenda Ruangwa.

Jumanne, 15 Julai

Ruangwa. Vumbi mpaka kwenye meno.

Fundi Harithi anauza vifaa vya mtumba karibu na stendi. Kanionyesha hedifoni nyeusi, nyembamba. Kasema mama, hizi hazina maneno, kompyuta yoyote inazipokea. Zinafanana na za Makrina kama pacha. Nikaziweka chini.

Pembeni palikuwa na kisanduku cha chuma. Vitufe viwili vya kuzungusha, taa tatu, maikrofoni nene kama ya redioni. Harithi kasema hicho ni cha studio, na kinataka draiva. Nikauliza ndiyo nini. Ni programu ndogo, kasema, inaiambia kompyuta kifaa hiki ni nani na uongee nacho vipi. Nikamwambia sema basi ni barua ya utambulisho, kama ile ya serikali ya mtaa. Kacheka, kasema enhe, mama umeshika. Halafu kasema nisikichukue.

Nimekichukua. Kitenge changu cha Pasaka kimebaki kwake, na debe la ufuta.

Jumatano, 16 Julai

Taa zote tatu zimewaka. Albina katabasamu. Laptopu ikaandika kwamba haikijui kifaa hiki.

Mwalimu kanieleza taratibu, kama wale wake wa darasa la tatu. Hedifoni za kawaida zinafuata utaratibu mmoja wa wote, kwa hiyo Windows, ile programu kuu inayoendesha laptopu, ina barua yao humo ndani tayari. Kisanduku changu kampuni yake ilijitungia utaratibu wake, basi barua lazima itoke kwao. Tukatafuta mtandaoni. Ipo, ila imeandikiwa Windows ya zamani. Ya Mwalimu ni mpya. Imekataa.

Nikampa akili. Achukue barua ya kifaa kingine cha kampuni hiyohiyo, ailazimishe. Binamu yangu wa Mkotokuyana aliandikishwa shule kwa barua ya kaka yake, na leo ni mchungaji. Mwalimu kakataa. Nikamkumbusha nani alimpikia uji alipougua malaria.

Kalazimisha. Kioo kikawa buluu. Laptopu ikazima, ikajiwasha, ikazima. Mpaka jua linazama Mwalimu alikuwa bado anaitoa ile barua. Imetoka, laptopu imepona. Ugali wangu hakuugusa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimewaza. Kama barua ni ya Windows ya zamani, si tutafute kompyuta ya zamani? Twalha wa steshenari anayo, ile inayonguruma kama mashine ya kusaga. Kweli, barua imepokelewa, kisanduku kimesikia sauti ya Albina. Nikashukuru mapema. Programu ya usahili nayo imeikataa kompyuta, imezeeka mno.

Tukaenda ofisi ya parokia kwa Katekista Saturnini. Kompyuta ya pale haitumii Windows, inaendeshwa na Linux, padri aliyepita aliiweka kwa kuogopa virusi. Albina kachomeka. Haikuomba barua. Haikuuliza chochote, imesikia tu. Nikamwambia Katekista hii imebatizwa. Lakini kamera haina, na kesho saa nne anachapa matangazo ya ndoa. (Mwalimu kanieleza baadaye: waliotengeneza Linux wamewaandikia barua wageni wengi wao wenyewe, wakaziweka humohumo. Ubatizo haumo.)

Tukarudi. Makrina yuko mlangoni, anauliza Mama Albina, hicho kisanduku mnakizungusha mji mzima, kinaumwa? Kasema hedifoni za Bibie zimekaa tu, tuzichukue. Nikamjibu sisi tunazo mbili.

Albina akaniangalia. Yuko uani anayarudia majibu ya usahili peke yake, sauti ya chini, kama mtu asiyetegemea kusikiwa. Nimeshindwa kumalizia kuchambua mchicha.

Ijumaa, 18 Julai

Saa mbili bado nazungusha vitufe. Taa zinawaka vizuri sana. Laptopu haitaki.

Saa tatu na robo nimevuka barabara. Nilishapanga niseme nataka hedifoni za kusikilizia kwaya. Makrina alikuwa amesimama mlangoni nazo mkononi, kazifuta vumbi. Kasema nimechelewa, alinitegemea tangu jana jioni.

Zimechomekwa. Laptopu haikuuliza hata jina.

Albina kahojiwa dakika arobaini. Mimi na Makrina nje, kwenye ngazi. Mashine ya kusaga ya mtaani ilipoanza, Makrina kaenda kuizimisha, wenye mahindi wakamsema, akawajibu wote kwa zamu. Aliporudi tukamsikia Albina anaeleza utampokeaje mama aliyetoka kujifungua anayevuja damu. Hatua kwa hatua, bila kukwama. Mwanangu huyo. Makrina kanishika mkono.

Kisha kasema haya lazima ayaseme jumuiya. Nikamwambia aseme.

Jumatatu, 28 Julai

Albina kapata kazi. Anaanza tarehe kumi na moja Agosti. Nimelia, nimenyamaza, nimeanza kumpangia begi. Sweta mbili, nasikia Dodoma inapuliza baridi. Asubuhi atakunywa nini kule, nani atamkumbusha kula?

Jana niliwapikia pilau Makrina na Mwalimu. Mwalimu safari hii kala, ila kwanza aliipeleka laptopu chumbani kwake akafunga kwa ufunguo.

Leo nimerudi Ruangwa kumpelekea Harithi kisanduku chake. Nilimwambia nimejifunza, tangu sasa nachukua kile ambacho kompyuta inakijua. Kanisifu. Kanirudishia kitenge, ufuta alishaukamua.

Nikageuka niondoke. Pale pembeni, kilipokuwa kisanduku, kulikuwa na printa. Kubwa. Taa tano.

Harithi kaniona ninavyoiangalia. Kasema mama, hapana, hiyo nayo inataka draiva, na kampuni yake ilishafungwa. Nikamwambia asinifundishe, mambo hayo nayajua, ni barua tu.

Kitenge kimebaki Ruangwa tena. Printa nimeipakata njia nzima mpaka nyumbani Nachingwea, magoti hayana hali. Sina cha kuchapa. Lakini Makrina hana printa.