Mashine Isiyoona Rangi Zangu

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi mpya ameanza kazi hapa boharini. Haoni. Kompyuta yake inamsomea maandishi kwa sauti, mbio mbio, naye anasikiliza kama anayesikiliza redio. Ametangaza anatafuta msaidizi.

Nafasi hiyo ni yangu! Ya nani mwingine? Ya Mluzi, wa meza ya pili, anayepiga mluzi tangu asubuhi hadi jioni? Jedwali la bidhaa zote kwenye kompyuta nimelitengeneza mimi. Nyekundu: zimekwisha. Njano: zinaelekea kwisha. Kijani: zipo tele. Linapendeza kama pazia la sebuleni. Nimemtumia mkurugenzi.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kazi nimeshaipata. Akampigia simu mama yake palepale. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia.

Jumanne, 4 Machi

Mkurugenzi ameagiza saruji. Saruji! Tunayo mpaka kwenye korido. Misumari, ambayo imekwisha kabisa, hakuagiza.

Kaniita. Nikamweleza kwamba misumari nimeipaka nyekundu, tena nyekundu iliyokoza. Akasema kompyuta yake inamsomea maneno, haimsomei rangi. Niandike tu kwamba imekwisha. Tena vichwa vya safu nimeviunganisha ovyo ovyo, mashine haijui ipi ni bei na ipi ni idadi. Nikatabasamu kwa heshima. Nikakumbuka tabasamu halimfikii, nikacheka kwa sauti. Nimeharibu zaidi.

Lakini akili haijalala! Jedwali likibaki hivi hivi, atahitaji mtu wa kumsomea. Kila siku. Mtu huyo ataitwaje? Msaidizi. Sibadilishi hata doa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemsomea asubuhi nzima. Koo limekauka. Alipouliza bei ya mabati nilipotea mstari, nikamsomea bei ya vitasa. Akasema mabati ya bei hiyo angependa kuyaona, kisha akacheka peke yake.

Akashukuru. Akasema kusoma anajiwezea. Anachotaka ni jedwali linalosomeka. Keshokutwa, mbele ya wafanyakazi wote, mashine itasoma langu na atakalotengeneza Mluzi. Atakayesomeka ndiye msaidizi. Mluzi akabadilisha wimbo, akaweka wa harusi. Mchokozi yule!

Nimembana fundi wa kompyuta. Anasema mashine huanza na kisanduku cha kwanza kabisa, juu kabisa pembeni. Niweke hapo maelezo mafupi. Na nisiache visanduku vitupu katikati, msikilizaji atadhani jedwali limekwisha. Hayo tu? Siku zote hizo wananitisha kwa hayo tu?

Ijumaa, 7 Machi

Alianza Mluzi. Jedwali lake jeupe kama shuka la hospitali, halina hata kijirangi. Niliona aibu kwa niaba yake. Mashine ikasoma: bidhaa, misumari, hali, imekwisha, agiza, boksi ishirini. Ikanyamaza. Mkurugenzi akainua simu, akaagiza misumari tukiwa tumesimama.

Zamu yangu. Kwenye kisanduku cha kwanza niliweka salamu. Pongezi za uteuzi, dua za afya, pole za uchovu wa ofisi, na maelezo mafupi ya maisha yangu tangu shule ya msingi. Mashine ikayasoma yote bila kuvuta pumzi. Wapakiaji mlangoni wakaanza kukaa chini.

Kisha visanduku vitupu. Nilivijaza vyote, nani aseme nimeacha pengo! Kila kimoja nikakiandikia: hapa hakuna kitu. Mashine ikaanza. Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu. Mhasibu akatoka nje, leso mdomoni. Wapakiaji wakawa wanaitikia kwa pamoja. Misumari haikufikiwa mpaka chai ikapoa.

Mkurugenzi akaizima mashine. Akasema, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba jedwali limejieleza lenyewe. Msaidizi ni Mluzi.

Iliniuma sana. Nilienda kusimama nyuma ya mapipa ya rangi mpaka macho yakakauka. Wiki ijayo nafanya kazi skrini ikiwa imezimwa, kwa masikio tu. Mkurugenzi anasema ni mafunzo. Wivu huo! Hajawahi kupata mtu mwenye bidii kama yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika, na wadogo zake wawili, na keki. Keki ina jina langu! Ningesemaje? Nikamwambia usaidizi nimeukataa, ni kazi ya watu wadogo. Mimi nimepewa kazi nyeti sana, ya siri, hata skrini lazima izimwe. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mke wangu akanitazama kwa jicho la pembeni, akakata keki. Kipande changu kilikuwa chembamba mno.

Walipoondoka nikaingia kazini hapahapa mezani. Jedwali jipya! Fundi alisema mashine husoma kila kilichoandikwa, sivyo? Basi kila kisanduku nimekiongezea maneno mawili. Misumari, imeandaliwa nami. Saruji, imeandaliwa nami. Vitasa, imeandaliwa nami. Mkurugenzi atanisikia mpaka usingizini. Hapo Mluzi apige mluzi wake tuone.

Na vyote nimevipaka rangi ya dhahabu. Nyekundu iliwashinda, sawa. Lakini dhahabu? Dhahabu mashine itaiona tu.