Farasi Mia na Kumi wa Kahiga

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Binamu yangu Wanja anaolewa Jumamosi, kanisani Ruiru. Baba yake, Mzee Gichuru, ameamua: gari lenye nguvu zaidi ndilo litambeba bibi harusi kutoka Kamenu. Langu hilo! Karatasi zake za Japani zinasema nguvu za farasi 110. La Odongo, jirani yangu hapa Kiganjo, Thika, limeandikwa 85. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Jumanne, 5 Agosti
Balaa. Odongo amemweleza mzee, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba 85 zake ni kilowati, si farasi. Fundi Mulei akapiga hesabu kwa simu: farasi 114. Ati tena farasi wa Japani ni dhaifu kidogo kuliko wa Waingereza, kwa hiyo wangu ni 108 na nusu. Woi! Wamepungua gari likiwa limeegeshwa!

Jumatano, 6 Agosti
Ushahidi ndio dawa. Ruiru kuna gereji yenye mashine ya kupima nguvu. Gari hupanda juu ya roli, vyuma vinavyozunguka, linakimbia bila kwenda popote. Jibu: 88. Nikauliza wengine wamepotelea wapi. Mwenye mashine akasema kiwandani hupima kwenye injini, yeye hupima kwenye magurudumu. Waliobaki hufia kwenye giaboksi. Karatasi hiyo nimeichana.

Alhamisi, 7 Agosti
Mulei ameropoka kwamba zamani Wamarekani walipima injini tupu, bila feni ya kupoza wala ekzosi, na namba zikawa tamu. Wamarekani si wajinga! Nimechomoa waya wa feni, nimefungua ekzosi, nimerudi Ruiru. 92! Nikaongeza kwa kalamu asilimia thelathini kwa ajili ya marehemu wa giaboksi. 119! Mzee akavaa miwani, akasema karatasi yenye muhuri haidanganyi. Nitambeba Wanja. Odongo amenipa hongera. Hata hasira hana.

Jumamosi, 9 Agosti
Ekzosi niliirudisha, kelele ilimtisha shangazi. Feni niliiacha. Farasi ni farasi.
Juja magari yakasimama kwenye foleni. Sindano ya joto ikapanda, mvuke ukafunika kioo. Wanja akashuka na gauni lake jeupe, akasimama kando ya barabara kuu.
“Kahiga,” akasema, “farasi wako wanachemka.”
Akaingia kwenye gari la Odongo lililotufuata, baba yake nyuma yake. Mimi nikabaki na keki. Nilifika watu wakiwa kwenye pilau.

Jumapili, 10 Agosti
Wanja hapokei simu. Asubuhi Odongo alikuja na maji, akaurudisha waya wa feni mwenyewe, akaenda kanisani. Mtu mwema. Kilowati tu ndizo zimemharibu.
Nimetulia, nimefikiri, kosa nimeliona. Thika tuko juu, hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi. Mombasa gari hili lingetoa asilimia kumi na tano zaidi. Kwa haki kabisa, nina farasi 137.
Dianah wa kwaya anaolewa Septemba. Kesho naenda kuwaona wazazi wake, na karatasi mpya.