Sikio la Kushoto la Merle Hoekstra

Jumatatu, 6 Machi

Verlin Pruitt amepandishiwa fidia na idara ya wastaafu wa jeshi. Asilimia sabini ya ulemavu! Ametangaza mwenyewe kwenye banda la ndege, akiegemea bawa la ndege yangu, kikombe changu mkononi. Jeshini tulipanda helikopta moja, tukameza vumbi moja, kelele zilezile. Leo yeye ni sabini, mimi sifuri. Akaniuliza kwa huruma ya uongo, ina maana mimi huko vitani sikuumia hata ukucha? Nilikasirika mpaka nikasahau kumnyang'anya kikombe.

Nimeamua. Nitadai sikio. Sikio halipigwi picha. Nikisema linalia, nani atabisha? Tatizo ni moja tu: Alhamisi napimwa na daktari wa marubani. Serikali moja, idara mbili. Kwa wastaafu niwe mgonjwa, kwa marubani niwe mzima. Nikikosa cheti cha afya, ndege itageuka kabati, nami nitabaki sebuleni nikimtazama Twila akifuma soksi. Mke wangu ni mwema, lakini siwezi.

Jumanne, 7 Machi

Mazoezi. Nimejifungia stoo nijue sikio linalolia hulia vipi, nisije kuulizwa nikababaika. Ni filimbi? Ni nyenje? Nikatulia, nikasikiliza. Kitu chembamba, upande wa kushoto. Iiii. Nikazima friji. Bado. Nikatoka nje, hadi katikati ya shamba la mahindi, theluji kila upande, hakuna hata ndege wa angani. Bado!

Nimemwuliza Twila kama naye huisikia ile iiii kukiwa kimya. Akanitazama. Akasema kimya ni kimya, Merle, hakina iiii. Ajabu gani hii? Miaka ishirini nimedhani dunia ndiyo inayolia hivyo. Niliogopa kidogo. Kisha nikafurahi: sasa mlio sina haja ya kuuigiza.

Jumatano, 8 Machi

Kipimo cha wastaafu. Mpimaji, Bi Renata Ochs, kanivika hedifoni, kaniambia nirudie kila neno nitakalosikia. Mpango wangu ulikuwa safi: akisema mto, niseme moto. Lakini mtu akimsemesha rubani kwenye hedifoni, rubani humrudishia neno kwa neno. Ndivyo tunavyofanya na waongoza ndege. Ukikosea, unakufa. Mdomo haukuniuliza. Mto. Mto! Kiti. Kiti! Maneno hamsini, sikukosa hata moja, na mwisho nikamalizia kwa namba ya ndege yangu, kama nilivyozoea angani.

Bi Renata alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza, na mlio je? Nikamweleza nyenje wangu, na shamba, na kimya cha Twila. Akaandika ukurasa mzima. Ushindi! Nimempigia Verlin simu papo hapo nimringie.

Alhamisi, 9 Machi

Daktari Ostrander. Fomu inauliza: una tatizo lolote la masikio? Hapana. Umedai fidia ya ulemavu? Hapana. Akanigeuza nimpe mgongo, akaongea kutoka hatua kadhaa, nikamrudishia kila neno. Mambo yananyooka! Mara mlango ukafunguliwa. Verlin, naye kaja kupimwa. Akapaza sauti: "Ee Merle, lile sikio lako bovu limeshapewa asilimia ngapi?"

Daktari akaweka kalamu chini. Kimya. Iiii. Niliona cheti changu kinaondoka.

Akasema nusu ya marubani wa wilaya hii masikio yanawalia, na Verlin mmojawapo, alimwambia mwenyewe na bado anaruka. Mlio haumnyang'anyi mtu cheti. Uongo ndio unaonyang'anya. Chochote kikizuka, nimwambie yeye kwanza, atatafuta njia. Akanirudishia fomu na kalamu. Nikaandika ndiyo, ndiyo. Nimepata cheti. Miaka miwili! Njiani nilitokwa na machozi, nikasingizia baridi.

Jumapili, 12 Machi

Verlin ametoboa siri ya sabini zake. Usingizi! Anayekosa pumzi akilala hupewa mashine ya kumpulizia hewa, na mashine peke yake ni asilimia hamsini. Asubuhi, tukila pankeki, nimemwomba Twila aandike barua ya ushahidi kwamba nami hukosa pumzi. Aongeze chumvi.

Nilitegemea mistari mitatu. Kaandika kurasa mbili bila kuuliza kitu. Ati nikilala huacha kupumua, naye hulala macho akihesabu sekunde. Akifika ishirini hunipiga kiwiko. Kila usiku, tangu niliporudi kutoka vitani. Nikamsifu, nikamwuliza kayatunga wapi. Akasema hakutunga. Hakuwahi kuniambia kwa kuogopa ningenyimwa cheti. Macho yake yalikuwa mekundu. Akataka kesho twende kwa Ostrander.

Nikamshika mkono. Nampenda mwanamke huyu. Nikamwambia Ostrander wa nini, cheti si kina miaka miwili? Barua iende kwa wastaafu tu. Na abadilishe kitu kimoja: pale penye ishirini, aandike arobaini.