Malalamiko Kuhusu Mbwa Aitwaye Pole, Ambaye Si Wangu

Galbet, Garissa
Jumanne asubuhi

Kwa Bi. Gatwiri,
Katibu, Chama cha Makao ya Mbwa Waliookolewa.

Ndugu Katibu,

Salamu kwanza. Natumai wewe na wenzako ofisini hamjambo, na kwamba feni yenu imetengenezwa. Mimi sijambo, ila nina malalamiko. Nimeyapanga kwa nambari ili usije ukasema, kama ulivyozoea kusema ukiwa kidato cha pili, kwamba hukuelewa swali.

Naandika kuhusu yule mbwa mwenye haya mliyemleta kwangu. Mlisema anakaa wiki mbili tu, hadi apatiwe makao ya kudumu. Huu ni mwezi wa nane. Sasa mmeniarifu kwamba makao yamepatikana na kwamba atachukuliwa keshokutwa. Nataka makao ya kudumu yapatikane, na yapatikane upesi, lakini si hayo, kwa sababu nitakazoeleza.

1. Lugha ya barua yenu. Barua yenu ya Ijumaa inasema: "Mama Tiya atakuja Alhamisi kuchukua mbwa yako." Sentensi hii ina makosa mawili. La kwanza ni la sarufi. Mbwa ni mnyama, na mnyama yumo katika ngeli ya A-WA: mbwa huyu, mbwa wako, mbwa wangu. Wanaopewa "yangu" na "yako" ni watu tulio na uhusiano nao: ndugu yangu, rafiki yangu, jirani yangu, shangazi yako. Nilikufundisha jambo hili katika darasa lile lenye madirisha yasiyofungika, na nakumbuka ulikuwa umekaa mbele.

Kosa la pili ni la ukweli. Mbwa huyu si wangu. Mimi ni mlezi wa muda. Fomu ya kijani niliyoitia sahihi inasema hivyo, tena kwa herufi kubwa.

2. Jina. Huka, dereva wenu, alipomtoa mbwa huyu chini ya lori bovu kule Diff, alisema kwamba "iko pole sana," nanyi mkaandika Pole bila kufikiri zaidi. Nakuomba ufikirie maana yake kwa mtu wa umri wangu kusimama langoni pake na kuita, "Pole, Pole, Pole."

Wiki ya kwanza, Mzee Ogle alikuwa akipita njiani. Alinisikia, akasimama, akaweka mkono kifuani. "Ahsante, Mwalimu," akasema. "Nani amekuambia ngamia yangu imekufa?" Sikuwa nimeambiwa na mtu. Ilinibidi nimpe pole ya pili, hii ya kweli, nikamsikiliza hadi mwisho, na ngamia huyo alikuwa na historia ndefu. Siku mbili baadaye walikuja wazee watatu ambao hawakuwa na msiba wowote. Walikuwa wamesikia kwamba Mwalimu anatembea uani akijipa pole peke yake, wakakisia nimefiwa. Waliketi kwenye benchi langu, wakauliza marehemu alikuwa na umri gani. Mbwa alikuwa nyuma ya tangi la maji, akitusikiliza. Nilichanganyikiwa, nikasema takribani miaka mitatu. Walisikitika sana. Mmoja wao bado huniletea tende.

Yote hayo ningeyavumilia iwapo mbwa angeitika. Haitiki. Mtaani kwetu herufi P hugeuka B midomoni mwa watu, kwa hiyo majirani humwita Bole, na hilo ndilo jina analolijua. Mimi nikisema "Pole", haji. Fatumo wa maziwa akisema "Bole" kutoka langoni, masikio yanasimama na mkia unaonekana. Nimefundisha Kiswahili katika mji huu miaka thelathini na mmoja, nikisimama mbele ya watoto na kipande cha karatasi midomoni ili waone jinsi P inavyokipeperusha. Sijawahi kumwita mbwa huyu Bole, na sitamwita.

3. Maziwa. Huyo Fatumo huniuzia maziwa ya ngamia. Ni mwanamke mcha Mungu, na hataki pua ya mbwa karibu na chombo chake, jambo ambalo ni haki yake. Katika wiki ya tatu alileta kopo kuukuu, akalitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha lisichanganyike na jingine, akaliweka nje ya lango. Tangu siku hiyo humimina humo kila asubuhi kabla ya kunimiminia mimi. Nilimweleza kwamba mbwa ni wa muda tu.

"Mwalimu," akanijibu, "sisi wote tuko ya muda. Kunywa maziwa yako."

Kisha akanifundisha utaratibu. "Hii mbwa naona haya kama bibi harusi. Wewe nikimwangalia, yeye hakunywi. Angalia kule." Viambishi vya sentensi hizo vilinitesa hadi adhuhuri, lakini alisema kweli. Kwa hiyo kila asubuhi mimi na Fatumo, watu wazima wawili wenye heshima zetu, husimama bega kwa bega tukiutazama mlingoti wa stima, ili mbwa apate kunywa. Fundi wa stima amewahi kuja kutuuliza kama tumeona hitilafu.

4. Waombaji mnaonitumia. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mlimtuma Bwana Dancan, mwenye duka la mabati, ambaye alitaka mlinzi. Aliuliza, "Mwalimu, hii inabweka?" Nikamwambia, "Anabweka." Nilikuwa nasahihisha upatanisho. Yeye alidhani namsifu mbwa, akaenda kununua mnyororo. Aliporudi, mbwa alikuwa amejikunja nyuma ya tangi, ametia pua yake ukutani. Dancan alicheka kwa sauti ambayo ilimfanya mbwa asile chakula siku mbili. "Mwalimu," akasema, "hii hata paka yangu inaweza kuilinda." Nilimwonyesha lango. Ili kumbukumbu zenu ziwe sahihi: katika miezi minane, mbwa huyu amebweka mara moja tu, mtangazaji wa redio aliposema "mbwa hizo", na siku hiyo nilimwelewa.

Mkamtuma pia Bi. Wendy, karani, binti mpole. Alisema "mbwa huyu", akasema "masikio yake mazuri", wala hakukosea popote. Mbwa aliukabili ukuta saa nzima, na Wendy akangoja saa nzima bila kulalamika. Mliniuliza kwa maandishi kwa nini nilimkataa. Nilimkataa kwa sababu nyumba yake ina sakafu ya vigae. Mbwa huyu ni wa Diff, miguu yake inajua mchanga. Atateleza, na akiteleza mbele ya watu ataona aibu, na akiona aibu hatatoka tena mvunguni.

5. Mama Tiya. Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na ndilo lililoniketisha kuandika.

Mama Tiya ni mfugaji kutoka upande wa Wajir, aliyekuja katika soko la mifugo mwanzoni mwa mwezi huu. Alipofika kwangu hakumwita mbwa. Hakunyoosha mkono wala hakusema "jamani, maskini". Aliketi chini kando ya tangi, akampa mgongo, akaanza kutengeneza ukanda wa ndara zake. Mimi nilikuwa kibarazani nikisoma gazeti. Nilipomaliza ukurasa wa pili, mbwa alikuwa ametoka. Alizinusa ndara, kisha akalala umbali wa hatua moja kutoka kwa yule mama.

Hatua hiyo moja, Ndugu Katibu, mimi niliitafuta wiki sita.

Nilianza kumtafutia kasoro. Nilimuuliza mbwa atalala wapi. Akasema atalala anapotaka. Nilimuuliza kama kuna mnyororo. Akasema mnyororo ni wa mwizi. Nilimuuliza kama wajukuu wake wanapiga kelele. "Wanalala tu, Mwalimu. Wamechoka na mbuzi." Nilimuuliza atamwita kwa jina gani, nikitumaini kwamba hapo ndipo atakapoanguka. Hakutaja jina. Aligonga ulimi mdomoni, na mbwa akainua kichwa. Mlio wa ulimi hauna ngeli, kwa hiyo sikuwa na la kusahihisha. Mwishowe nikamuuliza itakuwaje mbwa akiwaogopa mbuzi.

"Mbuzi pia itaogopa yeye," akasema. "Mwisho watachoka kuogopana."

Upatanisho ulikuwa mbovu, lakini hoja ilikuwa imara, na siwezi kumkataa mtu kwa upatanisho, la sivyo itanibidi niikatae kaunti nzima.

Kwa hiyo nalalamika rasmi kwamba ofisi yenu imempitisha mwombaji asiye na kasoro yoyote, bila kumpa mlezi wa muda nafasi ya kutosha ya kuitafuta.

6. Makao yanayofaa. Usidhani nawapinga tu. Nimefikiri kwa makini kuhusu makao ambayo mbwa huyu anahitaji, nami nakueleza hapa ili ofisi iache kubahatisha.

Anahitaji ua wenye ukuta wa mawe, na tangi jeusi la maji lililosogezwa mbali na ukuta kwa shubiri tatu, kwa sababu shubiri mbili humbana na nne humfanya ahisi anaonekana. Anahitaji mtu mmoja tu nyumbani. Mtu huyo asiwe kijana, asiwe mwenye kucheka kwa sauti, na awe amekwisha kustaafu ili asije akahamishiwa Mandera ghafla na kumwacha. Anahitaji mtu anayesoma gazeti kwa sauti kuanzia saa nne hadi saa sita, akiwa na kalamu nyekundu, kwa kuwa katika saa hizo mbwa hulala chini ya kiti, na msomaji anapokuta kosa na sauti kupanda, yeye huinua sikio moja. Mtu huyo ajue kwamba kabla ya kumpita mbwa ni lazima ukohoe kwanza, mara moja, si mara mbili. Ajue pia kwamba siku ya upepo mwingi lazima bati la choo liwekewe jiwe. Kiti kiwe cha mbao, na mguu wake wa nyuma wa kushoto uwe umetafunwa tayari, maana hapendi kuanza upya. Maziwa yawe ya ngamia, kutoka kwa mtu anayekubali kuutazama mlingoti.

Sijui kama mtu wa namna hiyo yupo Garissa. Mimi simjui. Ni kazi ya ofisi yenu kumtafuta, na mna hadi Alhamisi.

Nimemaliza malalamiko. Msalimie Huka, na umwambie kwamba mbwa "ni mpole", si "iko pole". Wasalimie wote wa ofisini, pamoja na yule mlinzi ambaye kila mara huniuliza "Mbwa iko aje?" na kila mara husubiri jibu. Mzee Ogle anakusalimu. Fatumo anakusalimu. Mbwa hakusalimu, kwa sababu ulikuja mara moja tu, na ulikuwa umevaa viatu vyenye kelele.

Ni mimi, mlezi wa muda wa mbwa na mwalimu wako wa kudumu,

Peterson Koome

Nyongeza, Jumatano saa tano:

Barua hii ilikuwa bado haijafungwa. Mama Tiya amekuja leo, siku moja kabla, kwa kuwa alipata lori linalorudi Wajir. Nilikuwa katika ukurasa wa tatu wa gazeti. Mbwa alitoka chini ya kiti, akaenda akazinusa ndara, nami nikakunja gazeti. Kisha akarudi. Hakurudi nyuma ya tangi. Alisimama nyuma ya miguu yangu, akaniegemea, akaegemea kwa uzito wake wote hadi nikashika nguzo.

Mama Tiya alimtazama, akanitazama. Akauliza, "Mwalimu, hii mbwa ni ya nani?"

Nilikuwa nimeshika mkononi barua ambayo inalijibu swali hilo katika lalamiko la kwanza. Nikasema, "Ni mbwa yangu."

Fatumo alikuwa langoni. Aliweka chombo chake chini. "Mwalimu amekosea," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye amesubiri miaka mingi.

"Hapana," akasema Mama Tiya. "Amejibu."

Alikunywa chai, akatengeneza ukanda wa ndara ya pili, akaondoka na lori lake. Mtafutieni mbwa mwingine, mwenye bidii, anayependa mbuzi. Mama huyu anastahili mbwa bora kuliko wote mlio nao.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote sita na unitumie ile fomu ya njano, ya makao ya kudumu. Mahali pa jina andika Bole, kwa B. Nimemwita hivyo sasa hivi, kwa sauti, nikihakikisha kwanza kwamba njia haina mtu, naye amekuja.

Kuhusu ile sentensi, nimeipima tena tangu Mama Tiya aondoke. Kanuni ni ile ile niliyokufundisha. Mnyama ni wangu. Ndugu, rafiki na jirani ni yangu.

Mbwa yangu. Tafadhali usisahihishe.