Jinsi Nilivyomjazia Watazamaji Senta wa Tarime

Jumatatu, 5 Juni 1995. Tarime.

Nimeamua. Nyangi Kasimati atachaguliwa timu ya mkoa, na mimi Lukmani, fundi cherehani wa mtaa wa sokoni, ndiye nitakayemfikisha huko. Mwenyewe hajui bado. Mwalimu wake hajui. Mimi nimejua leo saa kumi jioni, nilipomwona akidaka mpira juu ya vichwa vya wasichana wanne bila kuruka.

Kidato cha tatu. Miaka kumi na saba. Mpira wa kikapu anacheza senta, yaani yule anayesimama chini ya goli na kuwafanya wengine wote waonekane watoto wa chekechea. Babu yake alikuwa Mgiriki. Alichimba dhahabu huku kwetu kabla ya uhuru, kisha akaondoka, akaacha jina la Kasimati na mimba. Mimba hiyo ndiyo baba yake Nyangi, sasa marehemu. Habari hii Tarime nzima inaijua. Hakuna aliyefikiria kuitumia.

Jioni mjadala mkali barazani. Baraza nagawana na Owuor, fundi viatu wa kutoka Sirari. Kasema urefu peke yake si kitu, senta lazima ajue kugeuka akiwa amelielekezea goli mgongo. Kaambiwa na mjomba wake aliyecheza Kisumu. Hakuna mchezo ambao mjomba wa Owuor hakuucheza Kisumu. Nikamwambia akili ya mchezo iko kwenye damu, na Wagiriki ndio walioanzisha michezo duniani. Akauliza kama walianzisha na kikapu. Nikasema walianzisha yote.

Kauthar, mke wangu, alikuwa anapanga chapati kwenye kabati la kioo. Akauliza kama kuna mtu amemwuliza huyo binti mwenyewe anataka nini. Tukaendelea na Wagiriki.

Jumatano, 7 Juni.

Nimekwenda shuleni na futi yangu ya kitambaa, kumpima jezi. Futi inaishia sentimita mia na hamsini. Nimemsimamisha ukutani, nikaweka alama ya chaki, nikapanda kwenye tofali, nikaendelea. Mia na themanini na saba. Nimepima mara mbili. Wenzake walicheka, yeye alisimama tu kama mtu aliyezoea kupimwa.

Mwalimu Verdiana, anayefundisha timu, alinieleza hali ilivyo. Jumamosi ya tarehe 17 inakuja timu ya Musoma, na pamoja nao wachaguzi wawili wa mkoa. Timu yetu ilikuwa na wasichana kumi na wawili, wamebaki saba. Watano wamefuata ndugu zao machimboni Nyamongo, kupika uji na kuosha mchanga wa dhahabu. Na Nyangi naye yuko njiani. Baba yake mdogo, Werema, amefungua kibanda cha chakula kule na anataka mikono. Amekubali kungoja mechi tu. Nyangi akichaguliwa, kuna shule ya bweni Mwanza itakayomsomesha mpaka kidato cha sita. Asipochaguliwa, Jumapili anapanda gari la machimboni na madaftari yanabaki.

Mwalimu alisema yote haya kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Akasema hapo ndipo wasiwasi unapoanza.

Ijumaa, 9 Juni.

Baada ya sala nimemaliza jezi. Ya bluu, pindo mbili, kwapa pana. Mgongoni nimeshona kwa herufi nyeupe za kiganja kizima: MGIRIKI. Wachaguzi wakiona neno hilo hawatasahau. Owuor aliisoma akanyamaza, na Owuor kunyamaza ni sawa na mwingine kupiga makofi.

Nikaipeleka nyumbani kwao mwenyewe. Nyangi alikuwa uani anapura mtama na bibi yake, Bibi Boke. Nikamwamkia bibi shikamoo, nikaikunjua jezi. Nyangi akaitazama muda mrefu.

"Fundi, imeshonwa vizuri," akasema. "Lakini huyu ni nani?"

Nikamweleza ni babu yake. Urefu huo aliurithi kwake, lazima watu wajue.

Bibi Boke akaanza kucheka mpaka akaweka mti wa kupuria chini. Akasema Mgiriki wake alikuwa mfupi. Alimfika hapa, na akagusa bega lake. Kila akitaka kutoa kitu juu ya kichanja alimwita yeye. Kisha akasimama wima, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba Bibi Boke, pamoja na miaka yake, bado ananipita kwa kichwa kizima.

Nyangi hakucheka. Akasema, "Aliyeondoka ni yeye. Aliyebaki akamlea baba, kisha akanilea mimi, ni bibi. Ukitaka kuandika jina, andika la kwake."

Nimerudi na jezi. Nimefumua herufi saba, nimeshona nne. BOKE. Owuor akauliza kulikoni. Nikamwambia nimebadilisha mkakati. Sikumweleza habari ya bega.

Jumapili, 11 Juni.

Owuor amenipiku. Amekwenda Isebania upande wa pili wa mpaka, karudi na raba za mtumba za mwanamume, kazifumua, kazitia soli mpya. Zimemkaa Nyangi kama alizaliwa nazo. Hadi juzi binti alikuwa anacheza na raba zilizokatwa mbele ili vidole vipumue, na mimi sikuwa nimeangalia miguu hata siku moja. Nyangi alimshukuru Owuor kwa mikono miwili. Owuor alirudi barazani anatembea polepole ili kila mtu amwone. Eti sasa yeye ndiye shabiki namba moja. Nikamkumbusha nani alimpima kwanza. Akasema, "Omera, ndugu yangu, kupima si kuvisha."

Nimelala mchana kwa hasira.

Jioni tumekwenda mazoezini wote wawili, kila mtu kwa njia yake. Wachezaji saba, mwalimu, mbuzi watatu. Nyangi aligeuka akiwa amelielekezea goli mgongo, vilevile alivyosema Owuor, akatumbukiza. Kimya. Mbuzi mmoja akapiga chafya. Hapo nikaiona hatari yenyewe. Wachaguzi ni binadamu. Senta asiyeshangiliwa anaonekana kama nguzo ya umeme. Uwanja lazima ujae. Lakini ujazwe na nani? Wanaume wote wako mashimoni, mjini wanakuja kununua betri na mipini ya sururu tu.

Nimeamua. Watatoka mashimoni.

Jumanne, 13 Juni.

Amekuja mchimbaji, Kisyeri, kushonewa mfuko wa siri ndani ya suruali. Wachimbaji wote wanataka mifuko ya siri siku hizi, hata wasio na cha kuweka. Wakati nashona nikamwambia, kwa siri, kwamba Jumamosi mjukuu wa yule Mgiriki wa dhahabu anacheza kikapu pale uwanja wa shule. Hakushtuka. Nikaongeza kwamba ndipo Mgiriki alipopiga hema lake. Akageuza shingo. Nikasema aliondoka kwa haraka. Na mtu anayeondoka kwa haraka habebi kila kitu.

Neno dhahabu nililitaja mara moja tu, na lilikuwa la kumtambulisha mzee.

Kisyeri aliondoka kabla sijakata uzi. Moyo wangu mweupe. Atawaambia wawili, wawili watawaambia kumi, Jumamosi watakuja kuangalia, na wakishakuja watamwona Nyangi. Nani atamwona Nyangi asishangilie?

Alhamisi, 15 Juni.

Hawakungoja Jumamosi.

Saa moja asubuhi Kauthar kaniamsha, kasema kuna watu wengi wanapanda kuelekea shuleni. Nikafurahi, nikadhani ni mashabiki wa mapema. Nikamwuliza wamebeba nini. Akasema majembe.

Nilipofika walikuwa kama arobaini. Uwanja ulikuwa na mashimo kumi na moja, la katikati lilinifika kiunoni. Nguzo moja ya goli imelala, ubao umepasuka. Mkuu wa shule alikuwa amekwenda polisi na akaambiwa gari liko Sirari. Wanafunzi wamejaa madirishani. Mwalimu Verdiana alisimama na filimbi mkononi kana kwamba angepuliza faulo.

Akauliza nani amewaambia kuna kitu hapa. Kisyeri akatoa kichwa shimoni, akanyoosha sururu kwangu, bila ubaya wowote, na kusema, "Fundi." Kisha akanisalimia.

Nimewahi kuaibika, lakini siyo mbele ya shule nzima.

Mwalimu hakunitukana. Alisema tu Musoma watakuja keshokutwa wakute mashamba ya viazi, mechi itahesabiwa tumeshindwa, wachaguzi watarudi na basi hilohilo. Nikataka kusema kitu kuhusu nia yangu.

Ndipo Nyangi akatoka darasani. Akapita katikati ya mashimo, akasimama kwenye ukingo wa lile kubwa. Wachimbaji wakaacha kuchimba, maana kivuli chake kiliwafunika.

"Mmepata nini?" akauliza.

Mmoja akasema bado.

"Hamtapata. Huyo Mgiriki ni babu yangu. Bibi anasema hata sufuria aliondoka nayo. Hapa hakulala hata siku moja, alikaa mtoni kule." Akaitazama nguzo iliyolala. "Jumamosi ndiyo siku yangu ya kubaki shule. Mmeichimba. Mtaifukia nyinyi."

Hakupaza sauti. Wanaume arobaini wakatazamana. Kisyeri akasema, "Dada, hatukujua," akatoka shimoni, akashika jembe, akaanza kufukia.

Mimi niliingia shimo la katikati kwa hiari yangu. Nilifukia kwa mikono kwa sababu hakuna aliyekubali kuniazima koleo.

Ijumaa, 16 Juni.

Viganja vyote malengelenge. Cherehani siwezi kuzungusha. Siku nzima tumeshindilia udongo, wasichana saba, wachimbaji waliobaki, Owuor na mimi. Owuor alisimamisha nguzo ya goli na kuunga ubao kwa ngozi na misumari ya viatu. Kazi nzuri, nakiri hapa ambapo hatasoma. Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka, akanipa maji. Ikaniuma zaidi.

Nyangi alitembea uwanja mzima pekupeku, anakanyaga kila penye shimo mara mbili mbili. Nikadhani anakagua. Kauthar, aliyeleta chai ya wote, akasema anahesabu.

Kauthar kaniapisha mbele ya Owuor kwamba sitaeneza tena uvumi wa dhahabu. Nimeapa.

Jumamosi, 17 Juni.

Wachimbaji walibaki. Wamefukia wenyewe, wakasema wanataka kuona walichofukia kinatumikaje. Wengine wakaongezeka, wamekuja kuulizia kama kuna kilichopatikana, wakakaa. Kufika saa nane hapakuwa na nafasi ya kusimama. Bibi Boke aliletewa kiti, akakataa, akasimama. Werema naye alikuja, mikono mfukoni, mkoba wa safari ya kesho begani.

Musoma ni wepesi, wanadunda mpira kama ngoma. Lakini kila walipofika penye shimo la zamani mpira uligoma kurudi juu. Ulitua pu, ukalala. Wasichana wetu hawakudunda kabisa. Walipasiana hewani, mikononi, mpaka kwa Nyangi chini ya goli, na Nyangi alikuwa anajua kila penye udongo laini. Aliwasogeza Musoma hukohuko, taratibu, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Tulishangilia mpaka sauti ikaniisha. Kisyeri na wenzake walipiga majembe kwa mawe. Nyangi alifunga pointi ishirini na mbili, na jina la BOKE likaloa jasho.

Tumefungwa kwa pointi tatu. Wachezaji wetu saba wamechoka mwishoni, wale wamebadilishana kumi na wawili.

Nikakaa chini. Sikuweza kumtazama Werema.

Mchaguzi mmoja, mama mnene mwenye daftari, alimwendea Nyangi. Hakuuliza habari ya Mgiriki. Hakuuliza habari ya kelele. Aliuliza, "Nani amekufundisha kuusoma uwanja hivyo?" Nyangi akasema, "Nimeufukia mwenyewe." Mama akaandika. Kisha akamwita Mwalimu Verdiana pembeni, na nikaona Mwalimu, ambaye sauti yake haipandi wala haishuki, akifuta macho kwa filimbi badala ya leso.

Amechaguliwa. Jumatano anakwenda kambini Musoma. Shule ya Mwanza wataandikiana nayo.

Werema alivua mkoba begani, akampa Nyangi. Akasema huo utamfaa zaidi yeye.

Jumatatu, 19 Juni.

Mkuu wa shule ameniandikia barua. Nisikanyage uwanja wa shule mpaka mwisho wa mwaka. Nimeisoma mara mbili, haina shukrani hata ya mstari mmoja. Lakini mimi natazama mambo yalivyotokea. Bila mashimo, Nyangi angekuwa senta mrefu tu. Mpango ulifanikiwa, watu hawajapata utulivu wa kuliona hilo. Nilimweleza Owuor. Akavaa miwani yake ya kushonea na kunipa mgongo.

Mchana amekuja mteja kutoka Nyambureti, wilaya ya Serengeti, kuchukua sare za watoto. Kasema kwao kuna msichana wa kidato cha pili anafunga magoli ya mpira wa pete kama anaweka vikombe kabatini. Mikono mirefu, kichwa kizuri. Kikapu hajacheza kwa sababu shule haina uwanja. Kipo kiwanja kitupu nyuma ya madarasa, kimejaa visiki na vichuguu, wazazi wako mashambani, wa kukisafisha hakuna. Kukilima na kukisawazisha ni kazi ya mwezi mzima.

Watu arobaini wenye majembe wangekimaliza asubuhi moja.

Kiapo nakikumbuka vizuri. Niliapa habari ya dhahabu, na Kauthar na Owuor ni mashahidi. Fedha haikutajwa, wala vito. Nimemkalisha mteja, nimemwagizia chai, na namuuliza kwa upole kama wazee wa Nyambureti wanakumbuka Mzungu yeyote aliyewahi kupita kule akiwa na haraka.