Malalamiko Dhidi ya Mtahini Aliyeniita "Ninyi" Mlimani

Hinterbach, Tirol
Machi, wiki ya theluji mbovu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mitihani ya Walimu wa Ubao wa Theluji,

Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui, na mvua iliyotuharibia mambo huku bondeni haijafika kwako. Mimi ni Kassian Fankhauser, mwalimu wa skii tangu enzi za baba yako, yule wa koti jekundu aliyewafundisha nusu ya watu wa bonde hili kusimama. Wiki iliyopita nilifanya mtihani wa cheti cha kufundisha ubao, nikafelishwa. Sina kinyongo. Naomba tu matokeo yafutwe, mtahini aachishwe kazi, na cheti changu kiletwe nyumbani kabla ya Pasaka.

Kamati isije ikasema nilificha: mtahini mwenyewe ni binti yangu, Annelies. Hajakanyaga kwangu tangu alipoacha skii akahamia ubao, nami nikasema mezani, mbele ya wageni, kwamba ubao ni wa kupigia pasi. Ni utani ambao baba yeyote angeutoa. Yeye aliuchukulia vibaya. Msimu ujao shule yetu ya michezo ya theluji inatafuta mwalimu wa pili wa ubao, na wa kwanza ni Annelies. Walimu wa ubao hula mchana pamoja, benchi moja. Ndiyo sababu nakitaka cheti, sina nyingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lifti ya kuburuta watu kupanda mlima. Ile fimbo ya kuegemeza makalio ilitengenezwa kwa mtu anayetazama mbele, na mwenye ubao hutazama pembeni kama kaa. Ilinivuta, ikanigeuza, ikanitupa. Lifti ikasimamishwa, foleni ikaanza kunung'unika, na Bi Moidl anayeiendesha akatangaza kwenye kipaza sauti, mlima mzima ukisikia: "Kassian, toka njiani, watu supu yao inapoa!" Mtihani ulikuwa haujaanza, lakini nilimwona Annelies akiandika kitu.

2. Somo la majaribio. Wanafunzi wenzangu waliambiwa wajifanye watoto wa miaka sita, nami niwafundishe. Nikawaambia nilivyowaambia watoto maisha yangu yote: "Haya wanangu, tufanye kipande cha pizza!" Yaani ncha za skii zikutane mbele, visigino vitanuke, mtu asimame. Joost, kijana wa Kiholanzi, anayetoka nchi isiyo na hata kichuguu, akadakia: "Pizza gani, mzee? Miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Naomba Joost anyang'anywe cheti, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hajibu hivyo. Mimi nawajua.

3. Hili ndilo kubwa. Wewe ni Mtirol, huhitaji kuelezwa. Mtu akishapita mita elfu moja, "ninyi" ya heshima, ile anayoambiwa mtu mmoja usiyemzoea, huachwa bondeni pamoja na tai ya shingoni, na kila mtu huitwa "wewe", awe waziri, awe mkamua ng'ombe. Niliwahi kumwambia jaji wa mkoa, pale juu, "Inua kichwa, mjinga wewe," akanishukuru. Sasa tulipofika kileleni, binti yangu wa kumzaa, ambaye buti zake za kwanza nilizifunga mimi, alinitazama kutoka nyuma ya miwani yake akasema: "Bwana Fankhauser, pindeni magoti." Pindeni! Nilidhani anasema na kundi. Nikageuka, nyuma yangu kulikuwa na kunguru tu. Akaendelea hivyo siku nzima. "Tazameni mnakokwenda, Bwana Fankhauser." "Mmeumia, Bwana Fankhauser?" Joost yeye aliambiwa "pinda", akaambiwa "tazama", akaambiwa "safi sana wewe". Iliniuma, Mwenyekiti. Iliniuma kuliko kifandugu, na kifandugu nilikiangukia vibaya.

4. Chumvi. Mchana, kibandani, tulikula supu ya madonge ya jibini. Annelies alikaa mwisho wa meza akasema, "Mpitishieni Bwana Fankhauser chumvi." Sikuwa nimeomba chumvi! Mtahini asiyemjua mtu angejuaje kwamba mtu huyo huongeza chumvi kabla hajaonja? Huu ni ushahidi wa upendeleo, au wa uadui. Kamati ichague.

5. Sheria. Panaposemwa "ninyi" ni chini ya mita elfu moja. Annelies alisema "ninyi". Basi tulikuwa chini ya mita elfu moja, ambako mwezi huu kuna matope, majani na ng'ombe wa jirani yangu. Pasipo na theluji mtu hawezi kuanguka kwenye theluji. Kwa hiyo mianguko yangu yote haikutokea. Na mtu asiyeanguka kabisa amefaulu, tena amempita Joost, aliyeanguka mara moja.

Nina hakika kamati yako yenye busara haitapata la kupinga hapo. Nisalimie mkeo, makarani wote wa ofisini, na yule mzee wa dirishani aliyeniuliza kama nimekuja kumwandikisha mjukuu.

Wako katika theluji na katika matope,
Kassian Fankhauser

N.B. Nilikuwa nalamba stempu Annelies alipoingia, na buti zake, sakafu yote maji. Nikamwuliza kwa nini aliniita "ninyi". Akasema, "Baba, ningekuita 'wewe' pale juu ningekufaulisha. Na hufai. Unapanda ubao kama mtu anayesubiri skii ya pili iletwe. Jumamosi asubuhi njoo kwenye lifti, nikufundishe mpaka ufaulu." Nikamwuliza itachukua muda gani. Akanitazama magoti, akasema kwa umri wangu ni misimu miwili, pengine mitatu. Kwa hiyo, Mwenyekiti, barua hii isishughulikiwe. Kama cheti kimeshaandikwa, kipotezeni. Na nikija tena mwakani kufanya mtihani, hata nikipanda vizuri namna gani, nakuomba sana: nifelisheni.