Yah: Kuwekewa Mjomba wa Akiba

Temeke,
Oktoba 1997

Kwa mpwa wangu Badru,
Fundi wa Kompyuta,

Baada ya salamu, mie mjomba wako Nassibu ni mzima, ila heshima yangu ndiyo inaumwa. Nakuandikia rasmi kwa sababu nikikwambia kwa mdomo unacheka.

1. Ulinipeleka kazini kwako ukanionyesha kompyuta mbili. Moja inahudumia wateja. Ya pili imekaa tu, inanakili kila anachofanya mwenzake, na kila mara inamuuliza, "Upo?" Isipojibiwa inashika kazi, wateja wasijue kitu. Nilikusifu sana. Kumbe ulikuwa unanipima mie.

2. Siku ya kukuposea Munira kule Tabata, msemaji nikiwa mie, ukamketisha mdogo wangu Mashaka ubavuni pangu, eti anisikilize neno kwa neno. Badru, mie ndiye niliyemposea askari magereza wa Ukonga binti ambaye baba yake alishatufungia mlango. Nilisema kupitia tundu la kitasa mpaka wakafungua, wakanipa na pilau. Sikuwa na akiba.

3. Katikati ya maelezo nilifumba macho kutafakari. Mashaka akaninong'oneza, "Kaka, upo?" Mtu anayetafakari hajibu. Akaendelea yeye. Nilipofumbua macho nami nikaendelea pale nilipoishia, tukawa wajomba wawili tunaposa kwa pamoja. Mie nasema harusi kabla ya Ramadhani, yeye anasema baada ya Idi. Mie nasema unaendesha kompyuta zote kuanzia Temeke hadi Mbezi Beach, yeye anasema mbili. Baba yake Munira akauliza, "Sasa mwenye kijana hapa ni nani?" Ndiyo maana posa haikujibiwa, tukaambiwa turudi Jumamosi na kauli moja.

4. Sasa nasikia Jumamosi Mashaka anakwenda tena. Leo anashika maneno yangu, kesho nikichelewa kula atashika sahani yangu. Na siku nikifa mtaendelea naye tu, hata msiba wangu hautajulikana.

Hivyo naomba umwondoe Mashaka kabla ya Jumamosi. La sivyo, nionyeshe ni lini mie Nassibu nimewahi kuzimika katikati ya kazi.

Msalimie dada yetu Zubeda, mama yako, na wote hapo nyumbani. Hata ile kompyuta ya kwanza iambie nayajua yanayoisibu.

Mjomba wako mwenye kinyongo,
Nassibu

N.B. Mpwa wangu, hapa ni Mashaka. Kaka alifumba macho kutafakari alipomaliza namba tatu. Nikamuuliza, "Kaka, upo?" Akajibu kwa kukoroma. Kuanzia namba nne nimeandika mie, na hilo ombi la kuniondoa nimeliweka kama anavyolisemaga kila siku, sikupunguza kitu. Kaamka, kaisoma yote, kasema tangu aanze kuandika barua hajawahi kuandika iliyonyooka kama hii. Jumamosi tunakwenda wote. Safari hii akifumbua macho, mie nitanyamaza.